Kliya ikiliwa hairudi: kutunza rangi ya gari kwenye vumbi na jua la Tabora

Hapa Tabora jua husingiziwa mengi. Kweli linakula rangi, lakini kinachoanza kulimaliza gari ni kile kitambaa kikavu cha kila asubuhi, cha kupangusia vumbi kabla ya kuondoka. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi yoyote ya gari. Ukipangusa pakavu, unapiga msasa. Usiku washa tochi ya simu, imulike boneti kwa ubavu: utaona mikwaruzo myembamba imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Hiyo ndiyo inayolifanya gari jeusi lionekane la kijivu mchana.

Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, huwa na unene wa kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Chini kabisa kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima (rangi ya msingi), kisha rangi yenyewe, na mwisho kliya, ile isiyo na rangi inayong'aa. Kliya mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50. Ndani yake mna kemikali zinazozuia miale ya jua isiifikie rangi ya chini. Kila ukipiga kompaundi, ile polishi kali ya kusugulia, unaondoa mikroni kadhaa, zaidi kama fundi ana mkono mzito, na hakuna polishi inayorudisha kilichoondoka. Mtu anayejisifu kwamba gari lake hupigwa kompaundi kila baada ya miezi mitatu anajiandaa kwenda kwa fundi rangi. Ukiona paa au boneti imeanza kubanduka magamba meupe, usitoe hela ya polishi. Kliya imekufa, hapo ni kupaka upya.

Si kila gari lina kliya. Toyota nyingi nyeupe za zamani zenye namba ya rangi 040 zimepakwa rangi peke yake. Ikizeeka, ukiipitisha kidole, kinatoka na unga mweupe. Hii hufufuka vizuri sana kwa polishi, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Kuosha ndiko kwenye kazi nyingi. Tafuta kivuli, bodi iwe imepoa. Asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja panafaa. Kwanza mwagia maji mengi bila kugusa, kuanzia paa kushuka, mpaka mchanga utoke wenyewe. Ndipo uchukue ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya magari (mililita 30 kwa lita 10 zinatosha, isipokuwa chupa iseme vinginevyo), nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Bila ndoo ya pili unachovya mchanga na kuurudisha kwenye bodi. Tumia kitambaa kinene cha maikrofaiba, si sponji. Sponji haina nyuzi za kuficha chembe, inaziburuza juu ya rangi. Milango kwa chini na bampa viwe vya mwisho. Matairi yawe na kitambaa chake, na kisirudi juu hata kwa bahati mbaya.

Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Inang'oa waksi yote kwa mkupuo mmoja na kukausha raba za madirisha. Dizeli nayo, ambayo wengine huipaka ili gari "liwake", inang'aa kwa saa chache kisha inanasa vumbi lote la njiani. Kausha bodi mara moja, hasa kama maji ni ya kisima. Yakikaukia juani huacha duara nyeupe za chumvi ambazo baadaye hazitoki kwa sabuni. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikikaa dakika moja kisha ikasuuzwa, huzilainisha kama bado ni changa.

Halafu kuna miembe. Kivuli chake ni kizuri, ila msimu wa maembe ukifika, kuanzia Novemba hivi, unalipia. Utomvu wa kikonyo cha embe una mafuta na asidi. Unaunguza hata ngozi ya mtu, sembuse kliya yenye joto. Popo na ndege wanamalizia. Kinyesi kikikauka juani hugandamana na kliya iliyolainika kwa joto. Kliya ikipoa inajikunja kukifuata, na ukishakitoa unakuta alama imebaki. Usikwangue. Lowesha kitambaa, kifunike doa kwa dakika tano hadi kumi, kisha inua badala ya kusugua. Dawa ni hiyohiyo kwa kumbikumbi waliogandia bampa baada ya safari ya usiku ya kwenda Nzega. Vile vidoa vya njano vinavyodondoka kwa mistari, ambavyo wengi hudhani ni chavua ya miti, mara nyingi ni kinyesi cha nyuki. Vinang'ang'ania, lakini vikilowa vinatoka. Matone ya lami yatoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha osha sehemu hiyo kwa shampuu papo hapo.

Gari likiwa safi, lipapase kwa vidole ukiwa umevaa mfuko mwembamba wa plastiki. Ukihisi chenga, kuna uchafu uliojishikiza ambao maji hayautoi. Hapo tumia klei, ule udongo maalumu wa kusafishia rangi. Gramu 50 zinatosha gari dogo zima. Lowesha bodi kwa maji ya shampuu, telezesha klei bila kukandamiza, ukunje upande safi kila unapochafuka. Ikidondoka chini, itupe, hata kama ni mpya. Chembe zilizonasa humo hazitoki.

Sasa polishi. Anza na dawa laini na pedi laini kwenye kipande kimoja cha majaribio, mlangoni kwa mfano, na uongeze ukali tu kama hapakutakata. Mkwaruzo unaonasa ukucha umepita kina cha polishi. Ukiufuata utaitoboa kliya kabla haujaisha. Ziba raba, plastiki nyeusi na kingo za bodi kwa tepu ya karatasi, kwa sababu kwenye kingo ndiko rangi ilipo nyembamba na ndiko inakotoboka kwanza. Fanya sentimita 50 kwa 50 kwa wakati mmoja. Matone manne ya ukubwa wa njegere, sambaza kwa mwendo mdogo, kisha pita mara nne hadi sita polepole, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Gusa bodi kwa mgongo wa mkono. Ikikuchoma, simama. Safisha pedi kila ukimaliza mlango mmoja, maana pedi iliyojaa haikati, inapaka tu.

Mashine ya polishi inayozunguka huku ikiyumba humvumilia anayejifunza. Ile ya kuzunguka tu inakata haraka, lakini huacha mawimbi yanayoonekana juani, na inataka mkono uliozoea. Grenda ya kukatia vyuma iliyofungwa pedi ya manyoya, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya gereji, ikatae kabisa. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi hufanya kazi kati ya 1,000 na 2,000. Inachoma rangi kabla fundi hajanusa moshi.

Mkoa wetu ni wa nyuki, kwa hiyo swali la nta haliepukiki: kwa nini tusipake ile ya nyumbani? Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, na boneti ya gari jeusi iliyosimama juani mchana inaweza kufika hapo. Ikilainika inanata, na vumbi la Agosti linakaa juu yake bila kuondoka. Waksi ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya minazi na michikichi, huvumilia hadi nyuzi 82 na zaidi. Paka tabaka jembamba kiasi cha kutoonekana vizuri, subiri likauke, futa kwa kitambaa safi. Kupaka nene ni kujitafutia kazi ya kufuta tu. Kwa jua hili hesabu wiki sita hadi nane. Kinga ya polima, yaani waksi ya kutengenezwa kiwandani, hukaa miezi minne au zaidi, na kwa gari la kazi ndiyo ningeichagua. Ipake Mei mvua zikishaisha, na tena Oktoba kabla hazijarudi. Maji yakiacha kujikusanya kuwa matone ya duara na kuanza kutandaa bapa, ujue imekwisha.

Kinga ya kauri hukaa mwaka na kuendelea, lakini inafungia kila kilichopo chini yake, mikwaruzo ikiwemo, hivyo polishi lazima itangulie. Baada ya kuipaka, bodi isiguswe na maji kwa saa 24. Na kama gari limepakwa rangi upya gereji, subiri angalau siku 30 kabla ya waksi au kauri ya aina yoyote, kwani thina iliyobaki ndani ya rangi inahitaji kutoka.