Isale la baba mkwe na maji ya chumvi

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeoa Marangu, na kama kuna kitu kimoja nilichokiomba ukweni bila kushauriwa na mtu, ni isale. Wasiolijua: ni mmea uleule ambao wauza miche wa barabara ya Bagamoyo wanauita drasena, una majani marefu kama ya mahindi yaliyozunguka shina. Wao wengi huuza lile lenye mstari wa njano katikati ya jani, la mapambo. Uchagani linapandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na mtu aliyekukosea akija kwako ameshika isale, huna ujanja, unasamehe.

Krismasi ya 2021 baba mkwe alikata kipande urefu wa mkono, akanikabidhi huku anacheka. "Mkwe, hili kwetu linalinda mpaka. Wewe unalipeleka Dar likaangalie televisheni?"

Likashika vizuri. Mwaka mzima lilikaa sebuleni karibu na dirisha, likatoa majani mapya, wageni wakauliza nimelinunua wapi. Halafu Januari 2023 nikaona ncha za majani ya chini zimekuwa kahawia, kavu, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Ndani ya wiki chache kahawia ikashuka pembeni mwa jani, na mbele yake inatangulia njano nyembamba.

Nilifanya anachofanya kila mtu: nikadhani lina kiu. Nikaongeza maji. Halikupona. Nikadhani lina njaa, nikamwagia kijiko cha mbolea ya chenga iliyobaki kwenye mchicha wa jirani. Likazidi. Mwisho nikalitoa verandani lipate jua, na huko ndiko nilikoharibu kabisa, maana siku tatu tu za jua la mchana wa Februari zilitosha kuyatia majani ya upande mmoja mabaka meupe katikati, ambayo baadaye yalikauka yakawa kahawia.

Lakini yale mabaka yalinifundisha kitu. Jua lilikuwa limeunguza katikati ya jani, upande uliolielekea tu. Ule ugonjwa wa kwanza ulikuwa kwenye ncha na kingo, pande zote za mmea sawasawa, ukianzia majani ya zamani. Kwa hiyo nilikuwa na matatizo mawili, na moja nimelileta mwenyewe. Nikalirudisha ndani.

Wakati huohuo baba mkwe akapiga simu kwamba Juni atakuja Dar kliniki ya macho, atafikia kwetu. Mke wangu alipokata simu akanitazama, akalitazama isale, akasema, "Baba watoto, hapo sasa." Nikajiuliza: ukiua isale la mkweo, unakwenda kumwomba msamaha umeshika nini?

Nikaacha kubahatisha. Kwanza nikachukua kalamu ya wino nikachora kistari kwenye majani matano, pale pale kahawia inapokutana na kijani, ili nijue kama inasonga au imesimama. Ukitazama mmea kila siku macho yanakudanganya. Baada ya siku kumi, kwenye majani manne kahawia ilikuwa imevuka kistari. Ugonjwa ulikuwa hai.

Nikageuza majani, nikapangusa chini yake kwa kitambaa cheupe kutafuta utitiri. Kitambaa kikatoka na vumbi tu, wala hapakuwa na utando. Nikainama kwenye chungu. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe, na ukingo wa kopo la plastiki ulikuwa na mstari wa vumbi jeupe kama magadi. Nikaugusa kwa kidole, nikaonja (msinicheke). Chumvi.

Hapo ndipo nilipokumbuka mgao. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipungua maji na Dar nzima tukaingia kwenye mgao. Pale tunapopanga tukahamia kisima cha uani, na mgao ulipoisha hakuna aliyejisumbua kurudisha mabomba kama yalivyokuwa. Kunywa tunanunua ya madumu, kwa hiyo ulimi haukujua. Sabuni ilijua, haikutoa povu. Birika lilijua pia, lilikuwa na gamba ndani.

Nikafanya jaribio la kitoto. Visahani viwili vya kioo dirishani, kimoja vijiko vitatu vya maji ya kisima, kingine vijiko vitatu vya maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi cha chumbani. Kesho yake jioni vyote vimekauka. Cha kiyoyozi ungeweza kukirudisha kabatini. Cha kisima kilikuwa na duara jeupe, kama jasho lililokaukia kwenye kola ya shati jeusi.

Mtoto wa Tanga hahitaji kuelezwa zaidi. Nimekua naona mashamba ya chumvi: maji ya bahari yanaingizwa, jua linayavuta, chumvi inabaki. Jani ni hivyohivyo. Maji yanapanda kutoka mizizini, yanatoka hewani kupitia jani, na vilivyoyeyuka ndani yake vinabaki mwisho wa safari, yaani nchani na pembeni. Drasena zina udhaifu wa pekee hapo, hasa kwa floridi, ileile inayotia meno kahawia kwenye maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha. Na mbolea yangu ya chenga nayo ni chumvi, kwa hiyo nilikuwa nalitibu kwa ugonjwa wake. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua, chumvi inabaki palepale.

Nililing'oa kulitazama mizizi, nikakuta aibu nyingine. Kopo la plastiki lenye matundu lilikuwa limekaa ndani ya chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu hata moja, na chini yake vidole viwili vya maji yananuka. Yale maji niliyoongeza hayakuwa na pa kwenda. Mizizi mizima ya isale ina rangi ya chungwa na ni migumu (nilishtuka, nikadhani ndiyo ugonjwa wenyewe). Iliyooza ilikuwa myeusi. Ukiibana kwa vidole ngozi inavuka inabaki nyuzi. Nikaikata yote kwa mkasi niliopangusa kwa spiriti, karibu robo ya mizizi.

Udongo nikautupa, nikachanganya mpya: udongo mweusi, samadi kidogo iliyooza vizuri, mchanga na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Rafiki alinishauri nichote mchanga Kunduchi, bure. Hapana. Wa ufukweni una chumvi ileile ninayoikimbia, nikanunua wa mtoni. Na makumbi ya pwani nayo niliyaloweka na kuyasuuza mara tatu, maana mengine hufukiwa kwenye maji ya bahari ili yalainike.

Maji sasa. Machi kulikuwa bado hakujanyesha, nikatega ndoo chini ya bomba la kiyoyozi. Kwa joto la Dar, asubuhi nilikuta lita tano, siku nyingine saba. Siku nne nikawa na dumu limejaa. Kopo langu ni la lita nane hivi, kwa hiyo nikalimwagilia dumu zima la lita 20 polepole bafuni, yanapita na kutoka chini, ili hata kilichong'ang'ania mizizini kishuke. Tahadhari moja: fundi akija kuosha kiyoyozi kwa dawa, maji ya siku zile mbili tatu yamwageni.

Masika yalipoanza nikahamia maji ya mvua, madumu manne chini ya mchirizi. Kumwagilia nako nikabadilisha. Naingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo nasubiri, kikitoka kikavu namwagilia mpaka yatoke chini, halafu naondoa yaliyotuama kwenye kisahani. Sasa hivi wala siingizi kidole, nainua kopo tu, uzito unaniambia. Sebuleni kwangu huwa ni mara moja kwa siku nane au kumi. Mbolea sikuweka tena mwaka ule.

Mke wangu alitaka nikate majani yote yenye kahawia. Nilikataa, kwa sababu sehemu ya kijani bado inaulisha mmea. Nikapunguza zile ncha tu kwa mkasi, nikifuata umbo la jani liwe na ncha tena, na nikiacha uzi mwembamba wa kahawia nisije nikajeruhi kijani kukaanza kidonda kipya. Mwenye subira ndogo ajue kwamba kilichokauka hakirudi kuwa kijani, hata ukikipa maji ya Zamzam. Unachotazama ni vistari vya kalamu, na majani yanayozaliwa juu.

Vistari vilisimama mwishoni mwa Aprili. Katikati ya Mei likachomoza jani jipya limejiviringa kama msokoto, likafunguka safi mpaka nchani. Nililiita familia nzima kuja kuliona. Mtoto akaniuliza kama ndilo hilo tu.

Baba mkwe alifika Juni, jicho moja lina bandeji kwa siku mbili za kwanza, na bado akaliona kabla hajakaa. Akashika jani la chini.

"Hili nani kalinyoa?"

Nikamweleza yote, kisima, visahani, ndoo ya kiyoyozi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mnalinywesha jasho la mashine?" Akacheka mpaka akashika jicho. Kisha akaomba kisu cha jikoni. Nikadhani anataka kumenya embe. Akalikata kichwa, chwa, mbele ya macho yangu, akakichomeka kile kichwa palepale kwenye kopo kando ya mama yake, akaubana udongo kwa dole gumba.

Nilinyamaza, ni mkwe. Lakini usiku nililala vibaya. Wiki ya sita shina lile lililokatwa likatoa machipukizi mawili chini kidogo ya pale kisu kilipopita, na kile kichwa kikashika mizizi. Nimelazimika kununua kopo kubwa zaidi, na safari hii nilihesabu matundu dukani kabla ya kulipa.