Histeq na video ya ruracio

Ile video ya ruracio (sherehe ya mahari) ilishutiwa ndani ya tenti, jenereta ikawa inasumbua, kwa hivyo nyuso zote giza alafu huko nje kweupe pe. Leo asubuhi mamake msichana akanipigia, "Kijana wangu, mbona sionekani?"

Basi nikafungua FFmpeg, ile programu ya kuchakata video, nikaweka filta ya histeq. Hiyo inapanga upya mwanga wa kila fremu, zile toni zimerundikana upande wa giza inazitawanya. Nguvu yake ni kati ya 0 na 1, usipoigusa inakaa 0.2, na ukiishusha picha inazidi kufanana na ile uliyoshuti.

Nikasema wacha nipandishe 0.8 nione. Wueh! Kitenge cha mama kikatokea hadi maua, lakini ukuta wa tenti ukajaa mistari mistari na zile chembechembe za giza zikaanza kutembea kama siafu.

Nikarudisha 0.3, nikabana kiwango cha juu cha mwanga kidogo ndio picha isipauke, na ile ya kuzuia mistari nikaiwasha, ile dhaifu tu, inatosha.

Sasa kilichonimaliza ni pengo. Mama ana pengo la mbele, na kwa 0.3 akicheka unaliona vizuri kabisa, hapo awali ilikuwa giza tupu mdomoni. Nikamtumia kipande kwa WhatsApp, akajibu "Eeh, sasa huyo ni mimi 😂😂"

Wasee wa kuedit, video za tenti nyinyi huweka ngapi? Na kuna mtu ashajaribu CLAHE, ile njia ya kusawazisha mwanga kipande kwa kipande cha picha, kwa nyuso?