Siku moja maishani mwangu: kuwafundisha wawakilishi wa wafanyakazi kuhesabu siku

Saa 12 asubuhi. Nafungasha begi la semina: nakala 24 za Kifungu cha 37, cha 41, cha 118 na cha 119 cha Katiba ya Kenya ya 2010, nakala za Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, karatasi za ukutani, wino wa alama ya gumba, na kalenda kubwa. Kalenda siwezi kuiacha nyumbani. Vyama vya wafanyakazi huumizwa na hesabu mbaya ya siku kuliko uchache wa ujasiri.

Saa 3. Ukumbini Mombasa wamo wawakilishi wa hoteli, bandari na viwanda. Swali la kwanza huwa moja: mnachokidai, nani ana uwezo wa kukitoa? Nachora safu mbili ukutani. Mshahara, likizo, malipo ya saa za ziada: hayo ni ya mwajiri. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara ni sheria iliyopitishwa na Bunge. Mwajiri naye analipa asilimia 1.5 kama hiyo, wala hawezi kuifuta. Kumgomea yeye kwa tozo hiyo ni kumtoza deni asilodaiwa.

Saa 5. Mgomo. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinaulinda mgomo unaotokana na mzozo wa ajira au wa kutambuliwa kwa chama, baada ya usuluhishi kushindikana, na baada ya notisi ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri. Wengi humpelekea mwajiri peke yake. Wengine huanza kuhesabu tangu siku barua ilipoandikwa badala ya siku ilipopokelewa. Hapa sina haraka, kwa sababu Kifungu cha 80 ni kikali: anayeshiriki mgomo usiolindwa huhesabiwa kuwa amevunja mkataba wake wa kazi, na anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu. Hata mgomo uliolindwa haumlazimu mwajiri kulipa siku ambazo watu hawakufanya kazi. Mwanachama ana haki ya kuambiwa hilo kabla hajainua mkono kupiga kura.

Saa 7, chakula na sala.

Saa 8. Ardhilhali kwa Bunge, ambayo wengi huiita petisheni. Kazi halisi ya siku iko hapa. Makundi manne ya watu sita yanaandika kila moja yake. Inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, na nawahimiza waandike hivyo, maana anayeweka saini anapaswa kuelewa anachokisaini. Masharti yenyewe: ielekezwe kwa Bunge, isiwe na maneno yaliyokatwa au kuchomekwa juu ya mstari, ieleze juhudi zilizokwisha kufanywa na majibu yaliyopatikana, iseme kama jambo liko mahakamani, na imalizie kwa ombi lililo wazi. Kila mwombaji aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na saini au alama ya gumba.

Panapoharibika zaidi ni kwenye karatasi za saini. Tawi hupiga chapa karatasi tupu zenye mistari, hukusanya mamia ya saini, kisha huzibana nyuma ya barua. Mada lazima ionekane kwenye kila ukurasa, na saini hazibandikwi wala kuhamishwa kutoka karatasi nyingine. Viambatisho pia havipokelewi. Ushahidi wenu utunzeni hadi kamati iwaite. Kamati ina siku 60 za kujibu. Naziweka alama kwenye kalenda.

Mswada wa fedha hausubiri siku 60: hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na uamuzi hutakiwa kabla ya Juni kuisha. Kwa huo tunaandika maoni kwenye jedwali la safu tatu: nambari ya kifungu, maneno mapya tunayopendekeza, sababu.

Mombasa ina kumbukumbu ya mgomo mkuu wa Januari 1947. Chege Kibachia, aliyeongoza chama kilichozaliwa na mgomo ule, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kizuizini Kabarnet. Mfanyakazi Mwafrika wa wakati ule hakuwa hata na kura. Ndiyo maana inaniuma kuona haki iliyopatikana kwa gharama ile ikipotea kwa karatasi iliyopangwa vibaya.

Saa 10. Maandamano. Notisi humfikia mkuu wa kituo cha polisi (OCS) si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ikitaja jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia. Muda ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Tukiandamana Jumamosi tarehe 20, barua ipelekwe kati ya tarehe 6 na 17. Mimi hushauri tarehe 10: OCS akisema kuna wengine waliotangulia kutoa notisi ya mahali na saa ileile, bado mna nafasi ya kubadilisha. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na mhuri. Chagueni saa ambazo watu hawako zamu, kwani kuacha kazi kwenda kuandamana kunaweza kuhesabiwa kuwa mgomo usiolindwa.

Saa 1 usiku. Nasahihisha ardhilhali nne mezani. Tatu zimetimiza masharti. Ya kundi la bandarini inamalizia kwa "tunaamuru Bunge". Nimelizungushia neno kalamu nyekundu, waliandike upya kesho asubuhi: "tunaomba".