Siku moja maishani mwangu: boflo lililolala

Saa 9 usiku

Mkupuo wa mwisho unatoka tanurini. Mie ni mwoka mikate katika bekari ndogo huku Ng'ambo, mjini Unguja, mwaka wa kumi na moja sasa, na Jumatano hii ninayoisimulia ni siku kama nyingine nyingi. Mikate ikitoka tu, gamba lake hukutana na hewa ya nje na kuanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Ukiinamisha sikio utasikia kama vijiti vikavu vinavyoanza kushika moto. Nageuza mmoja, nagonga chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukilia bubu, ndani mna ubichi, unarudi. Huu umelia vizuri.

Saa 10 na nusu alfajiri

Wachuuzi wa baiskeli wamefika na makasha yao nyuma. Tunahesabu, tunaandika kwenye daftari, wanatawanyika na maboflo, yaani mikate yetu hiyo, yakiwa bado ya moto. Mtu wa Unguja anataka boflo la moto na chai yake, na mie nakesha kwa ajili hiyo.

Pembeni, kwenye ubao wa chini, kuna maboflo ya jana ambayo hayakupata mnunuzi. Leo ni kumi na manne. Tajiri wetu huyauza kwa bei ya chini, na sisi wafanyakazi huturuhusu kuchukua. Nachukua matatu. Mwenzangu wa zamu, kijana mzaliwa wa Bujumbura, anachukua mawili, na kila akiyatia mfukoni husema jina lile la Kifaransa walilolizoea kwao: pain perdu, yaani mkate uliopotea. Wafaransa wameupa jina hilo kwa kuwa ni mkate uliokwishakakamaa, ambao mwingine angeutupa, na wao huuokoa kwa maziwa na mayai.

Chakula nakipenda, jina silipendi. Wali wa jana tunauita mwiku na tunaupasha asubuhi bila mtu kusema kwamba umepotea. Mkate nao vivyo hivyo. Umelala, unangoja kuamshwa.

Saa 11 alfajiri

Naswali msikitini, natembea kwenda nyumbani. Kaskazi imeanza, joto halikushuka usiku kucha. Barabarani kuna paka na mama mmoja anayewasha jiko la vitumbua.

Saa 11 na nusu alfajiri

Jikoni. Saa hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika siku yangu. Mke wangu anajitayarisha kwenda Darajani, ambako anauza viungo, na watoto watatu bado wamelala. Chai ya asubuhi katika nyumba hii ni kazi yangu, kwa sababu ukiiondoa hiyo, watoto wangu na mie tungekuwa tunapishana mlangoni tu: wakirudi skuli na chuo cha Kurani, mie muda si mrefu naondoka.

Ile pain perdu, yaani slesi za mkate zilizochovywa kwenye maziwa na mayai zikakaangwa, kwetu tunaiita boflo la mayai. Ukisema mkate wa mayai hapa Unguja, mtu atakufikiria ile keki nyepesi ya mayai, sukari na unga, na hicho ni kitu kingine kabisa. Wengine husema slesi za mayai, wengine tosti. Jina lolote, mkate uwe wa jana.

Hilo nililijua kwa kukosea. Mwaka wa kwanza wa kazi, mtoto wetu mkubwa akiwa mchanga na mke wangu hana nguvu ya kupika, nilirudi na boflo la moto, nikaona fahari kumpikia kwa mkate mpya niliouoka kwa mkono wangu. Nikalikata, nikachovya. Slesi ya kwanza ilikatika mkononi. Ya pili ikamong'onyokea bakulini. Nilichokikaanga mwishowe kilikuwa uji wa mkate uliogandana na mayai, mbichi katikati. Mke wangu alikula bila kusema neno, na nilisikitika kwa siku kadhaa, maana nilitaka kumpa kilicho bora nikampa kibaya.

Sababu yake niliielewa polepole, kazini. Wanga wa ngano ukiokwa hunywa maji na kuvimba, ndio ule ulaini wa mkate wa moto. Ukishapoa, wanga hujipanga upya na kukaza, na maji yaliyokuwa katikati husogea kuelekea kwenye gamba. Kwa hiyo hata mkate uliofungwa vizuri kwenye mfuko hukakamaa ingawa maji yake hayajaenda popote. Na mkate wa namna hiyo ukiutia kwenye maziwa na mayai, hunywa na bado husimama. Wa moto umeshashiba maji yake mwenyewe, hauna pa kuyaweka mengine.

Tena, tafadhali, msiweke mkate kwenye friji mkidhani mnauhifadhi. Ubaridi wa friji huharakisha huko kukakamaa. Uacheni kabatini ndani ya kitambaa, au kama mnataka ukae siku nyingi, utieni kwenye friza kabisa, ugande. Na ukiona ukungu, hata doa moja la kijani, usilikwangue ukala uliobaki. Nyuzi za ukungu huzama ndani usikoweza kuona. Huo ndio mkate wa kutupa. Mwingine wote una kazi.

Nakata slesi nene kama upana wa kidole gumba. Nyembamba hulegea, nene zaidi ya hapo haziivi ndani. Leo nakata kumi na mbili, yaani boflo moja na nusu. Mayai matano, nayavunja moja moja kwenye kikombe kwanza kabla ya kuyamimina bakulini, ili bovu moja lisiharibu mengine. Natia chumvi kidogo, vijiko viwili vya sukari, halafu napiga kwa uma mpaka zile nyuzi za ute zikatike. Watu wengi hutia maziwa mapema, na ute unabaki mapande mapande. Unapokaanga, mapande hayo huganda meupe juu ya slesi, yana sura ya yai la kukaanga lililomwagika. Piga mayai kwanza, maziwa baadaye: kikombe kimoja na nusu.

Kisha hiliki. Natwanga tembe tano kwenye kinu kidogo cha shaba cha mama mkwe, maganda natoa, mbegu nazisaga na sukari kidogo ili zisirukeruke. Harufu inapopanda ndipo mtoto wa kwanza huamka. Siku zote ni huyo huyo, binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Leo nichovye mie?"

Namsogezea bakuli. Anaweka slesi, anahesabu kimoyomoyo kama nilivyomfundisha, mpaka ishirini, anageuza, anahesabu tena. Halafu anaiinua kwa vidole viwili na kuiacha ichuruzike. Namtazama mikono. Slesi iliyonywa sawasawa huinama kidogo katikati, kama kitambaa chenye maji, lakini haikatiki. Ikibaki ngumu kama kadi, irudi. Ya kwanza ameitoa mapema, ameihisi mwenyewe, akairudisha kabla sijasema.

Kwenye kikaango natia samli. Siagi ina mabaki ya maziwa ndani yake, na hayo ndiyo yanayoungua na kuacha vidoti vyeusi na uchungu. Samli imeshachujwa, inastahimili. Moto uwe wa wastani. Ukiwa mkali, sukari hugeuka rangi upesi, nje panaonekana pameiva na katikati yai bado ni maji. Dakika tatu upande mmoja, tatu upande wa pili, na mwisho nabonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko. Ikirudi juu, tayari. Ikitoa maji ya maziwa, tunapunguza moto na kungoja.

Slesi ya kwanza imegeuzwa. Rangi yake ni ya ganda la mdalasini, kingoni kumekaza, katikati kumevimba kidogo. Binti yangu anaitazama kwa makini kama mie ninavyotazama mikate tanurini.

Saa 12 asubuhi

Mke wangu anakula amesimama, kibegi begani. Zake mbili hazitiwi sukari. Namtengea mchanganyiko kidogo pembeni kabla sijatia, natia chumvi, pilipili manga na kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo. Anasema hiliki anaishika kutwa nzima sokoni, asubuhi apumzike nayo. Ananiuliza kama miguu bado inauma, anaiambia mikono yangu pole, anaondoka kuwahi daladala.

Saa 12 na nusu

Wote mezani. Kijana wa miaka minane anamimina asali mpaka namshika mkono. Warumi wa kale nao walichovya mkate kwenye maziwa, wakaukaanga na kuumiminia asali, hivyo ana wenzake wa zamani sana. Huyo wa mwisho, wa miaka mitano, anakula gamba kwanza akizunguka kando kando, anaacha kiini kwa ajili ya mwisho. Kila siku. Sijamfundisha mtu huyu kula hivyo, na napenda kumtazama.

"Baba, kwa nini mkate wa dukani asubuhi ni wa moto na sisi tunakula wa jana?" Ni kijana anayeuliza. Nadhani kuna mtoto mwenzake kamwambia neno.

Namwambia ukweli. Namwambia mkate huu niliuoka kwa mkono wangu usiku wa juzi, ngano yake ililimwa na watu, ikasagwa na watu, ikapandishwa melini na kushushwa na wachukuzi, na mie nikaikanda. Haukupata mnunuzi jana. Je, tuutupe? Anafikiri. Anasema, "Hapana, mtamu." Anachukua ya tatu.

Saa 1 asubuhi wanaondoka skuli, sare zimenyooka, dada mkubwa kamshika mdogo mkono. Naosha vyombo, naweka boflo moja na nusu lililobaki ndani ya kitambaa. Nalala.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, wali na mchuzi wa samaki aliouacha mke wangu, kurudi kitandani kidogo. Usingizi wa mchana si usingizi kamili, mwenye kukesha ananielewa.

Saa 10 alasiri

Naenda dukani kununua mayai. Nikifika nyumbani nayatia kwenye bakuli la maji, moja moja. Jipya hulala chini kwa ubavu. Lililokaa husimama wima. Linaloelea sifikirii mara mbili, kwa kuwa hewa imeshajaa ndani yake. Kumi na mawili yamelala, mawili yamesimama. Hayo mawili tutayala kwanza, yakichemshwa.

Bi mkubwa wa nyumba ya jirani amekaa barazani, naye hunisimamisha kila nikipita. Yeye ndiye aliyenifundisha la tui. Anasema alipokuwa msichana maziwa yalikuwa adimu nyumbani kwao, lakini minazi ilikuwepo, basi mama yake alichovya mkate kwenye tui zito na mayai, akatia hiliki na chumvi, sukari chembe tu maana nazi ina utamu wake. Walikula hivyo wakati wa daku, mwezi wa Ramadhani, kwa sababu hushika tumbo.

"Umejaribu, mwanangu?" ananiuliza leo.

"Nimejaribu, bi. Umekuja mzuri, ila kikaango kiliungua upesi."

"Moto wako mkubwa. Tui halitaki haraka. Na wewe muoka mikate umezoea tanuri."

Kweli. Nampa boflo lililotengwa kwa ajili yake, ananiombea dua ndefu.

Saa 2 usiku

Bekari. Tunafungua gunia la unga la kilo 50. Msimu huu wa joto tunakandia maji ya baridi, la sivyo hamira hukimbia, donge linafura kabla ya wakati na mkate unatoka na ladha ya uchachu. Kijana wa Bujumbura anapima chumvi, mie nakanda. Donge likivutwa kati ya vidole mpaka unaona mwanga wa taa kwa upande wa pili bila kuchanika, limekuwa.

Saa 3 na nusu simu inalia. Ni nyumbani, sauti ya binti yangu, ya chini kwa sababu wenzake wamelala.

"Baba, kesho ukirudi ulale tu. Nitapika mie. Mama amekubali, atakaa jikoni na mie."

Nanyamaza kidogo. Namuuliza kama ameliona boflo ndani ya kitambaa.

"Nimeliona. Limekaza vizuri. Hiliki niitwange sasa hivi?"

"Usiitwange sasa. Ikilala usiku kucha imeshasagwa, harufu inakwenda. Itwange asubuhi, ukiwa umeshapiga mayai."

"Haya baba."

Nanawa mikono, narudi kwenye donge. Limeshaanza kuinua kitambaa.