Mji wa kazi ya pili: nilivyochagua kati ya Chake, Unguja, Dar na Dodoma

Kijana akimaliza chuo Pemba, ushauri anaopewa ni mmoja: nenda palipo na kazi. Ushauri huo una upungufu mkubwa. Kazi ya kwanza hupatikana hata mahali pasipofaa, kwa kujuana au kwa bahati. Kinachoupima mji ni kazi ya pili. Mkataba wa mwanzo ukimalizika, hoteli ikifungwa au mradi ukiishiwa na fedha, utakaa miezi mingapi bila mshahara? Na utapata nyingine bila kufunga mzigo tena? Mimi ni mhasibu, kwetu Wete, na swali hilo ndilo nililoligeuza hesabu kabla ya kuhama.

Nilianza na daftari. Kwa wiki nane niliandika kila tangazo la kazi ya mhasibu au msaidizi wa hesabu nililoliona: mji, aina ya mwajiri, urefu wa mkataba, na kitambulisho au usajili unaotakiwa. Hapa wengi hukosea kwa kuhesabu matangazo. Hesabu waajiri. Matangazo kumi ya mwajiri mmoja ni mlango mmoja, na ukigombana na msimamizi wako umefungwa wote.

Chake Chake niliimaliza mapema, kwa huzuni. Pemba ina watu kiasi cha 543,000 kwa sensa ya 2022, lakini kwa mhasibu waajiri ni ofisi za serikali, benki chache, ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na asasi zinazoishi kwa miradi. Hulipi kodi ya nyumba, unakula kwenu, na kwa mwalimu au muuguzi hesabu inaweza kutoka vizuri kabisa, maana skuli na vituo vya afya viko kila wilaya. Kwa kazi yangu, ukitoka mlango wa kwanza huoni wa pili.

Dodoma inamfaa anayetaka serikali ya Muungano, au anayefanya kazi na wizara na taasisi zake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, mji umetanuka hadi Mtumba, zilikojengwa ofisi za wizara. Wizara hizo ziko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo anayepanga chumba karibu na soko kwa kuona ni rahisi hujikuta anamaliza fedha kwenye nauli. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Disemba hadi Aprili, na maji ya mji kwa kiasi kikubwa hutegemea visima vya Makutupora. Ukipanga nyumba, uliza siku za mgao kabla ya kuuliza kodi. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na imepunguza sana adha ya njia. Hata hivyo kwa Mpemba bado kuna boti mbili baada ya treni, na aghalabu utalala njiani.

Ikabaki Dar es Salaam na Unguja Mjini.

Kabla ya fedha, angalia kama taaluma yako inavuka bahari. Kwa baadhi ya kazi jambo hili peke yake linatosha kuamua. Mahakama Kuu ya Zanzibar na ya Tanzania Bara ni mbili mbalimbali, zinakutana kwenye Mahakama ya Rufani. Uwakili wa upande mmoja haukupi ruhusa ya kusimama upande wa pili mpaka usajiliwe huko. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo baraza linalomsajili muuguzi Zanzibar silo la Bara. Michango ya uzeeni nayo ina mifuko tofauti: Zanzibar ni ZSSF, Bara NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma. Anayepanga kukaa Dar miaka mitatu kisha arudi aulize mapema michango yake itakuwaje, na apate jibu kwa maandishi.

Kwa mhasibu mgawanyo huu ulikuwa faida, na kwangu ndio uliopindua mizani. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na hukusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya Muungano, pande zote mbili. VAT ya biashara za Zanzibar hukusanywa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ambayo hadi 2022 ilikuwa ZRB. Kwa hiyo hoteli moja ya Unguja ina mafaili mawili: kodi za mishahara huenda TRA, VAT na tozo za hoteli huenda ZRA, na risiti hutoka kwenye VFMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa ZRA. Bara risiti ni za mashine za EFD na VAT inakwenda TRA. Mtu akijua kufunga mwezi bila kuchanganya mamlaka mbili, milango ya hapa inamfungukia haraka kuliko aliyetoka Bara na cheti kizuri zaidi. Dar, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ile ile, iliongoza daftari langu kwa mbali kwa idadi ya waajiri. Lakini huko ujuzi huo hauna mnunuzi, na foleni ya wahasibu ni ndefu.

Utalii una hatari yake, na lazima uingie kwenye hesabu. Hoteli za pwani hujaa Juni hadi Oktoba, na tena Disemba hadi Februari. Masika yakiingia, Aprili na Mei, baadhi hufunga, na wafanyakazi wa jikoni na vyumbani hupewa likizo isiyo na malipo. Watu wa hesabu mara nyingi hubaki, lakini usitegemee desturi: soma tarehe ya mwisho ya mkataba. Ukimalizika Machi 31, huo ni mkataba wa msimu, uitwe jina lolote. Mwaka 2020 ndege za kimataifa ziliposimama, hata waliokuwa na mikataba mirefu walirudi nyumbani. Ndiyo maana katika daftari niliwatia alama waajiri wa Unguja wasiotegemea wageni, yaani serikali, vyuo, benki, waagizaji wa bidhaa na wakaguzi wa hesabu. Kama wasingefika watano, ningekwenda Dar.

Sasa fedha. Nilikuwa na ahadi mbili: Dar 900,000 mkononi kwa mwezi, Unguja 700,000. Bei hizi ni za wakati wangu, weka zako. Dar chumba na sebule kilikuwa 250,000. Nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi 2,600 kwa siku, kwa siku 24 ni 62,400. Chakula 8,000 kwa siku ni 240,000. Umeme, maji na gesi 60,000. Kisha safari za nyumbani, ambazo karibu kila mtu husahau kuzihesabu. Niliweka nne kwa mwaka, kwa sababu Idd ni mbili na arusi na misiba haikosi. Kila safari 150,000, kwa mwezi ni 50,000. Jumla 662,400, kinabaki 237,600.

Unguja chumba na ukumbi kilikuwa 150,000, nauli ya gari moja 28,800, na chakula 180,000 kwa sababu mwajiri alikuwa akitoa cha mchana. Umeme, maji na gesi 50,000. Safari nne za Mkoani, bandari ya Pemba, kwa 80,000 kila moja ni 26,700 kwa mwezi. Jumla 435,500, kinabaki 264,500. Mshahara mdogo kwa laki mbili ukaacha zaidi kwa karibu 27,000. Lakini lau kama mwajiri hakutoa chakula, Dar ingeshinda. Tungule, mbatata na vitunguu vingi vya Unguja vinavuka bahari kutoka Bara, na mlaji ndiye anayelipa uchukuzi, kwa hiyo usidhani kisiwani kila kitu ni rahisi.

Fedha ya kuanzia ndiyo inayoangusha wengi. Wenye nyumba hutaka miezi sita kwa pamoja, pengine mwaka, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Unguja ilinitaka 900,000 za kodi, 150,000 za dalali, na 400,000 za godoro, jiko la gesi, ndoo na vyombo. Ongeza chakula na nauli ya siku 45, maana ukianza kazi katikati ya mwezi, baada ya orodha ya mishahara kufungwa, mshahara wa mwanzo unasogea. Hizo ni 313,200. Jumla 1,763,200. Kwa hesabu ile ile Dar ilitaka 2,603,600. Ukihama bila fedha hii utakopa mwezi wa kwanza, na deni hilo litakula hata ile tofauti ndogo uliyohamia.

Nyumba ilistahili muda mwingi kuliko nilioupa. Kosa langu lilikuwa kuiona mwezi wa Januari, jua kali, uwanja mkavu, na kulipa miezi sita papo hapo. Masika yalipoingia maji yalisimama mlangoni. Nyumba itazame masika, au baada ya mvua kubwa, hasa maeneo yaliyo mabondeni kama baadhi ya sehemu za Sebleni na Jang'ombe. Dar angalizo hilo hilo linahusu bonde la Jangwani na jirani zake. Kama huwezi kusubiri mvua, tazama kuta kwa nje. Mstari wa udongo kwenye rangi, au rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta tu, unakueleza maji yalifika wapi.

Maji ya kutumia hayajui mwenye nyumba anavyoyasifu. Fungua mfereji saa 12 asubuhi na tena saa 2 usiku, na waulize wanaoyateka. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hapa yanakuja usiku wa manane, asiyeamka hana." Neno lake lilinifaa kuliko maelezo yote ya dalali. Kisha pima tangi: nyumba nne zenye watu watano kila moja, kwa lita 40 kwa mtu, zinatumia lita 800 kwa siku. Tangi la lita 1,000 halifiki siku mbili. Uliza pia pampu imeungwa kwenye mita ya nani.

Mita ya TUKUZA, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako, kama LUKU kwa Bara. Mita ya pamoja huleta ugomvi, kwa sababu gharama hugawiwa kwa vyumba, na mwenye friji analipa sawa na mwenye taa mbili. Mkataba uwe wa maandishi, useme nani anatengeneza pampu, na nakala ibaki kwako.

Njia ya kazini ipite siku ya kazi, saa 1 asubuhi, usiipite Jumapili. Nilisimama kituoni siku tatu nikihesabu gari ngapi zinapita zimejaa kabla ya kupata nafasi. Rudi pia usiku, maana baada ya saa 2 gari hupungua, na anayefunga hesabu za mwezi huchelewa kutoka. Ukilazimika kupanda bodaboda siku sita kila mwezi, iandike kwenye nauli.

Ukishahamia, nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa) yako, ndani ya wiki ya kwanza, na barua ya sheha wa shehia unayotoka. Bila ya kutambulika kwenye shehia, mambo mengi yanayohitaji barua yatakwama, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi nacho kirekebishwe anuani. Bara utakwenda serikali ya mtaa, na namba ya NIDA ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Mkataba wangu wa nyumba ulikuwa uishe Disemba. Nilimuomba mwenye nyumba tuusogeze hadi mwisho wa Mei, nikalipa miezi mitano ya ziada, ili nikitafuta pengine nizione nyumba maji yakiwa bado uwanjani.