Siku moja maishani mwangu: fundi wa ukumbi wa gemu uliozeeka, siku ya kikao cha kuamua kama tufunge

Saa 1 asubuhi

Naingia mlango wa nyuma, nawasha taa kubwa, zile nyeupe za wafanya usafi ambazo wateja hawazioni kabisa. Ukitaka kujua ukumbi wa gemu umezeeka kiasi gani usije usiku taa za rangi zinawaka na mziki unapiga, njoo saa hizi. Kapeti letu ni lile lenye nyota na sayari zinazong'aa gizani, sasa kwenye taa nyeupe limepauka na pale watu wanapopita sana limebaki nyuzi tupu. Dari juu ya uwanja wa magari ya kugongana lina doa la maji ambalo kila mvua ikinyesha linaongezeka. Tulikuwa tunaitwa bustani ya burudani ya ndani, ghorofa mbili, michezo ya kupanda, mashine za gemu, chumba cha VR, zile kofia zenye miwani unazovaa ukajiona uko ndani ya gemu, kila kitu chini ya paa moja. Bado tunaitwa hivyo ila nusu ya hivyo vitu ukivigusa havijibu.

Leo mchana kuna kikao. Ajenda ni moja, tukarabati au tufunge. Kwa hiyo nisameheni nikiwa na maneno mengi.

Saa 1 na nusu

Mzunguko wa asubuhi. Nawasha mashine moja moja, nasubiri iamke, nacheza kidogo, nabonyeza vitufe vyote, napitisha kadi kuona kama inasomwa, natoa tiketi. Isiyokubali inabandikwa kile kikaratasi cha MBOVU. Na hiki kikaratasi ndo adui yangu mkubwa, kuliko umri wa mashine yenyewe. Mteja hana habari mashine imetengenezwa mwaka gani, mtoto wa miaka minane atacheza gemu iliyomzidi baba yake umri na atapiga kelele kwa furaha, lakini akikuta kikaratasi mashine ya kwanza, kikaratasi ya pili, kikaratasi ya tatu, anamvuta mama yake mkono wanaondoka. Halafu mama anaenda kuwaambia wenzake kule pameisha.

Na vikaratasi vinazaana, maana mashine ikikaa mbovu muda mrefu naanza kuinyofoa vipuri ili nyingine iishi. Baada ya hapo hata ukiniletea hela siwezi kuifufua, imebaki kabati.

Saa 3

Mashine ya kufyatua risasi, ile ya bastola mbili. Picha inatetemeka na pembeni imejikunja, huo ni ugonjwa wa kapasita, vile vidude vya kutunza umeme kwenye bodi, zilizokauka, nazijua hata bila kupima. Ndani yake kuna skrini ya chogo, yaani ile nene ya zamani, na hapo ndo pa kuwa makini kwa sababu hata ukichomoa waya ukutani kile kioo kinabaki na umeme wa maelfu ya volti, ukiweka kidole kabla hujautoa ule umeme utajuta. Dogo tunayefanya naye kazi akaniuliza, si tuweke tu skrini bapa tumalizane? Nikamweleza. Hizi bastola za kizamani zinalenga kwa kusoma mwale unaochora picha kwenye kioo mstari kwa mstari, skrini bapa haichori hivyo, kwa hiyo ukiibadilisha bastola inakuwa kipofu. Inabidi ubadilishe mfumo wote wa kulenga. Na skrini za chogo hazitengenezwi tena kwa hizi mashine, tunaokoteza za mitumba.

Hapa watu wa ofisini huwa hawanielewi. Wanadhani ya zamani zaidi ndo ngumu zaidi. Mashine nyingi za mwishoni mwa miaka ya 80 zinatumia JAMMA, ule utaratibu wa waya uliotoka Japani mwaka 1985, unachomoa bodi unachomeka nyingine kabati likawa na gemu mpya. Zile za miaka ya 2000 zina kompyuta nzima ndani, diski, na kidude cha usalama kinachochomekwa nyuma, sasa kile kidude kikiungua na waliokitengeneza walishaacha kukitoa, basi tena. Kwa hiyo babu anatengenezeka na mjukuu hatengenezeki.

Saa 4 na nusu

Pinboli. Mikanda ya mpira imekatika, koili ya flipa ya kushoto, yaani ya kile kibawa kinachopiga kigololi, inachemka, nimebadilisha zote, nimefuta vumbi, nimeweka kigololi kipya cha chuma. Dakika arobaini. Imerudi kama ilivyozaliwa. Ningekuwa na mashine hizi tu hapa ndani hiki kikao kisingekuwepo.

Saa 5

Tumefungua. Kundi la wanafunzi limeingia mbio, wote moja kwa moja kwenye magari ya kugongana, nikawatazama kidogo. Hakuna hata mmoja aliyeangalia doa la dari.

Saa 7

Kona ya VR. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo penye kesi yenyewe.

Chumba hiki kilipofunguliwa kilikuwa ndo sababu ya watu kuja. Foleni ilizunguka hadi ngazi. Leo nimekaa saa nzima narekebisha mkanda wa kofia moja na waliochungulia ni wawili, wote wakatoka. Kofia nzito, picha zina ukungu, ukigeuza kichwa picha inafuata kwa kuchelewa unapata kichefuchefu. Na nyumbani yule mtoto ana kifaa kinachompa picha nzuri kuliko hii akiwa amelala kitandani.

Hii stori imeshatokea kwa wakubwa kuliko sisi. Disney walifungua DisneyQuest, ukumbi wao wa gemu wa ndani, pale Walt Disney World, Florida, Juni 1998. Jengo la ghorofa tano, hakuna madirisha, ndani kuna zulia la Aladdin la kuruka nalo ukiwa umevaa kofia ya VR, baadaye ikaongezwa meli ya maharamia mnayoiendesha kwa usukani huku wengine wanapiga mizinga, kuna CyberSpace Mountain unachora reli yako mwenyewe kwenye skrini halafu unafungiwa ndani ya kibanda kinachokupindua kufuata ulivyochora. Kwa miaka ile ilikuwa balaa. Mpango ulikuwa wa kuzisambaza miji mingi, ya pili ikafunguliwa Chicago 1999 na ikafungwa 2001, ya Philadelphia wakaanza kujenga wakaacha. Ile ya Florida ikabaki peke yake mpaka Julai 2017. Yaani miaka kumi na tisa, na kofia nyingi ni zile zile za teknolojia ya miaka ya 90, wakati simu ya mfukoni ya mgeni imeshazipita.

Mimi ninavyoona kitu kilichouzwa kwa jina la kesho ndo kinachooza haraka zaidi. Gari la kugongana halikumuahidi mtu kesho yoyote, liligonga mwaka ule na linagonga leo. VR iliahidi, na kesho ilipofika ikaikuta imevaa kofia ya jana.

Saa 8 mchana, kikao

Tuko meneja, mhasibu, dada wa masoko, kaka wa usalama na mimi nanuka solda.

Mhasibu akaanza, yeye anataka kufunga. Umeme, bima, paa. Hakusema uongo hata kidogo na hakuna aliyembishia hesabu.

Dada wa masoko anataka tubomoe vyote, tuweke kitu kimoja kipya chenye jina kubwa. Nikamwambia dada yangu, hilo nalo limejaribiwa, pale pale ilipokuwa DisneyQuest. Walivunja, wakajenga NBA Experience, ya michezo ya mpira wa kikapu, ikafunguliwa Agosti 2019. Machi 2020 ikafungwa pamoja na mengine yote kwa ajili ya korona, sehemu nyingine zikarudi, yenyewe haikurudi, mwaka uliofuata wakatangaza ndo basi. Korona ilichangia, sikatai, lakini upya nao sio kinga. Hata SegaWorld ya London, ukumbi wa kampuni ya gemu ya Sega, ilifunguliwa 1996 ikiwa inameremeta na Sega wenyewe wakajitoa 1999, haikupata hata nafasi ya kuzeeka.

Meneja akaniangalia, "Fundi, kwa hiyo wewe unataka tuwe makumbusho?"

Nikamwambia ikibidi, kona moja, ndiyo. Kuna ukumbi wa gemu wa Funspot kule New Hampshire, Marekani, ipo tangu 1952, ina makumbusho ya mashine za zamani ndani yake na watu wanasafiri kwenda kuzicheza kwa sababu ni za zamani na zinafanya kazi. Nikarudia, na zinafanya kazi. Halafu nikamtajia Tokyo Joypolis, imefunguliwa mwaka ule ule wa 1996 na ile ya London, ni ya ndani kama sisi, mwaka 2012 waliifunga kwa muda wakaikarabati wakafungua tena na mpaka leo ipo. Wenzetu wanatoa mchezo uliochoka wanaingiza mwingine, hawasubiri vyote vife siku moja.

Kaka wa usalama yeye alisema maneno machache tu ila ndo yaliyonifanya ninyamaze. Maji yakifika kwenye nyaya za dari juu ya magari ya kugongana, hatutaitwa kwenye kikao, tutaitwa kwingine.

Kikao kikavunjika bila uamuzi, kila idara iandike mapendekezo leo leo kabla ya kulala. Si unajua vikao.

Saa 10 jioni

Kiyoyozi cha ghorofa ya juu kimegoma. Dakika ishirini tu joto limepanda, watu wote wameshuka chini, ghorofa nzima ya mashine inacheza yenyewe haina mtu. Fundi wa viyoyozi yuko njiani. Ningependa mabosi wangekuwepo hapa waone, mteja havumilii hewa nzito, choo kinachonuka na mashine mbovu, vingine vyote anavumilia. Tatizo bajeti ya ukarabati ikija huwa inaanzia kwenye bango la mlangoni.

Saa 1 usiku

Meza ya hoki ya hewa. Bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, bibi anapiga kweli kweli, hamuonei huruma mtoto, mtoto anacheka hadi anashika meza. Baadhi ya matundu ya hewa upande mmoja yameziba kwa hiyo kile kisahani kinakwama, nikawaomba radhi nikayazibua kwa sindano wakiwa wamesimama pale. Bibi akaniambia, "Mwanangu, hii msiitoe." Hajui kuna kikao. Mota yake imeanza kupiga kelele ya beringi, nimeiandika.

Saa 4 usiku

Tumefunga, nimekaa kwenye kiti cha gemu ya mbio za magari naandika mapendekezo kwenye simu.

Nimeandika hivi. Kwanza paa na umeme wa dari, halafu hewa na vyoo, na kabla ya hivyo kukamilika isinunuliwe hata taa moja ya rangi. Chumba cha VR chote kitolewe, kofia ziuzwe kwa atakayezitaka, pale pawekwe meza za hoki, pinboli na vitu vya kugusa kwa mkono. Mashine za kompyuta ambazo vipuri havipo ziondoke sakafuni hata kama pataonekana patupu, afadhali mashine thelathini nzima kuliko themanini zenye vikaratasi. Bastola za chogo zibaki mpaka skrini zitakapoisha.

Na nikaandika lingine ambalo najua halitawafurahisha. Kama hela ya paa haipo, tufunge, na tufunge mwezi huu, watu walipwe stahiki zao wakatafute kazi kwingine. Ninachokikataa ni ile njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja kikaoni na ndo tumekuwa tukiifuata siku zote, kuacha wazi bila kuweka hela, kukamua kiingilio mpaka pafe penyewe. Wanaoumia hapo ni wateja na mtu wa zamu, mabosi hawapo kwenye zamu.

Nikatuma. Meneja alikuwa macho, akajibu papo hapo swali moja tu, paa litagharimu kiasi gani. Nikamwandikia boss amuite mkandarasi apande juu akaangalie, mimi ni wa mashine.