Sikukuuliza kichwa

Naamka nayo, nalala nayo. Leo asubuhi nilikuwa kazini nang'arisha meno ya bandia ya chini ya mama mmoja wa Bugembe, hapa Jinja, mashine inanguruma, na juu ya mngurumo ule nikamsikia baba mkwe waziwazi, utadhani amesimama mlangoni: "Mimi sikukuuliza kichwa."

Ngoja niwape habari njema kwanza, maana nimewaahidi kwa muda mrefu. Datsun imekwisha, kile kigari changu cha mashindano kinachokimbia kwa umeme kwenye njia yenye mfuo. Mnaokuja humu tangu mwanzo mnakumbuka ilivyoanza na mabonge ya nta ya waridi niliyokuwa naokota kazini, mkanikejeli kwamba nachonga sabuni. Sasa ni gari. Ina fremu ya shaba niliyoilehemu mwenyewe, mota imelala kwa urefu mbele ya ekseli ya nyuma, kijigiya chake kinauma giya ya taji bila kelele. Chini ya pua kuna ule ulimi wa plastiki unaoingia kwenye mfuo wa njia, na pembeni mwa ulimi nyuzi za shaba zilizosukwa, zinazoramba umeme kutoka kwenye ukanda wa shaba kushoto na kulia. Ekseli kwa ekseli ni milimita 72, kwa sababu Datsun 240Z ya kweli ilikuwa na milimita 2305 na kipimo changu ni moja kwa 32. Hapo sikubali mjadala. Mtu anayekwambia "milimita mbili tatu si kitu" hajawahi kumvalisha mtu meno.

Bodi ndiyo iliyonila usingizi. Ni plastiki angavu, imelainishwa kwa moto na kuvutwa kwa hewa juu ya plasta, kwa mashine ileile tunayotengenezea vikinga meno vya mabondia. Ndivyo walivyofanya wenyewe miaka ya 1960, mchezo huu ulipovuma kule Marekani. Kabla ya hapo, Fred Francis wa Uingereza alipotoa Scalextric, vigari vya mchezo huuhuu, mwaka 1957, magari yake ya kwanza yalikuwa ya bati. Mimi nimefuata njia ya plastiki kwa sababu ndiyo inayofanana na kazi yangu, na kwa sababu ya utamu wake mmoja ambao picha hazionyeshi: rangi hupakwa kwa ndani. Kwa hiyo unafanya kila kitu kinyumenyume. Kinachopaswa kuonekana juu kabisa ndicho unachoanza nacho. Unaandika jina kwanza, halafu namba, halafu duara jeupe nyuma ya namba, halafu boneti nyeusi, na ule wekundu mkubwa wa mwili mzima unakuja mwisho kabisa, unafunika kila kitu, na kwa dakika moja unadhani umeharibu kazi yote. Ukigeuza, gari limekwisha. Na maandishi yote ni ya kwenye kioo. DATSUN kwa kinyume ni mtihani wenye huruma nusu: A, T na U hazijali unaziandika kutoka upande gani, lakini D, S na N zinakuhadaa, hasa N, ambayo hata kinyume chake inaonekana kama N iliyoandikwa na mtoto.

Kwa nini nimechonga gari la Mehta, yule dereva wa mbio za magari, na si la mwingine, nilishaeleza, ila kuna wapya. Shekhar Mehta alizaliwa hapahapa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, naye akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari Rally kwa 240Z, Lofty Drews, msoma njia wake, akiwa pembeni yake na karatasi. Na alishinda kwa namna ambayo ukiitunga watu watakucheka: yeye na Harry Källström, naye wa Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Akaja kushinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Ushindi wake wote huo hakuna ulioandikwa kwa jina la Uganda. Hilo huniuma kidogo, ingawa sijui nimekasirikia nini hasa, mimi mwenyewe nilizaliwa baadaye sana.

Baba mkwe humwita "yule mtoto wa miwa", kwa sababu ya mashamba ya miwa ya kina Mehta. Mzee aliendesha trekta za miwa kule Lugazi ujanani, kabla hajahamia huku Walukuba, na anasema siku hizo Safari ilipokuwa ikipita nchi zetu tatu, wao walikuwa wanatoka usiku kwenda kusimama barabarani karibu na Mabira. Kwanza unaona taa juu ya miti, halafu vumbi, halafu unahesabu kuku waliokufa. Hadithi hii nimeisikia kila Iddi tangu nilipooa. Kwa hiyo elewa: nilipokuwa nasaga tofali na kuchanganya vumbi lake na vanishi nyepesi, kisha kulipaka nyuma ya matao ya magurudumu, kwenye kioo cha nyuma, na kwenye milango kwa mshazari jinsi tairi linavyorusha, nilikuwa na mtazamaji mmoja tu akilini.

Jumapili akaja. Walikuja kwa ajili ya mambo ya shemeji, siyo ya gari, lakini baada ya chakula binti yangu Zuhura hakusubiri kuambiwa, akalileta juu ya sahani kama andazi. Mzee akavaa miwani. Akalishika vizuri, kwa ncha za vidole, si kama wageni wengine wanaosukuma magurudumu. Akaligeuza. Akatazama matope. Akatikisa kichwa taratibu, ile ya kukubali, na mimi nikaanza kujisikia. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani ambako nimewakalisha Mehta na Drews, vifua na vichwa tu, kama ilivyokuwa desturi ya magari haya zamani, kwa sababu chini yao kuna mota.

"Baba Zuhura."

"Naam, Baba."

"Huyu ndiye Mehta?"

"Ndiye, Baba."

Akanyamaza. Akachungulia tena.

"Meno yake yako wapi?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Shemeji alikohoa soda. Fundi wa meno amemtengeneza mtu kibogoyo! Na mimi, badala ya kucheka nao, nikatoa hesabu. Nikasema: "Baba, kichwa chake chote ni milimita saba."

"Mimi sikukuuliza kichwa," akasema. Akaweka gari chini, akamwomba Mama Zuhura amwongezee mchuzi.

Basi. Hakuna zaidi. Yameisha hapo, wakaendelea na mambo ya mahari. Lakini nimeshapata majibu mengi ya baadaye, mazuri kweli. "Yapo Baba, amefunga mdomo asile vumbi." Hilo lingefaa. Au, "Meno ameyaacha Lugazi." Hilo lingemfurahisha zaidi yeye. Lile la hesabu ndilo lililonitoka, na ukilifikiria ni sahihi: mdomo wa mtu mzima ni kama sentimita tano, ukigawa kwa 32 unabaki na milimita moja na nusu, na hapo umetabasamu. Meno mangapi yatakaa humo? Hata hivyo siwezi kuacha kuirudia ile "mimi". Angesema tu "Sikukuuliza kichwa," lingekuwa neno la utani. "Mimi sikukuuliza kichwa" lina uzito mwingine. Nimejaribu kulitamka kwa sauti zote jikoni mpaka Mama Zuhura akaniambia ama nilale ama nikalale kwa baba yake.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: posa ya shemeji imekubaliwa, kazini ametuingia mkuu mpya anayetaka kila kitu kiandikwe kwenye kompyuta, na mvua ya Jumanne imebeba ukuta wa jirani. Nimeyapitia yote hayo kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

Jumatano usiku, taa zimezimwa, Mama Zuhura akasema gizani: "Baba hakuwa anauliza meno ya Mhindi."

Nikamwambia alale.

"Hukumwona nyama alivyoiacha pembeni?"

Nilimwona. Nilimwona pia akishika mfuko wa shati, na najua kilichomo, kwa sababu kitambaa kile cha buluu ndicho nilichomfungia mwaka jana. Seti nzima, juu na chini. Meno yale ni kazi nzuri, nasema bila haya. Lakini ufizi wa mtu aliyeng'olewa meno hautulii. Mfupa unanywea, na mwaka wa kwanza ndio unaonywea zaidi, kwa hiyo kilichombana vizuri wakati ule sasa lazima kinacheza. Kila mgonjwa huambiwa arudi kuwekewa tabaka jipya kwa ndani. Yeye atarudije? Kipimo cha kinywa alichukuliwa na mwenzangu wa kazini, mimi nikasubiri nje kwenye benchi, maana mkwe hamfungulii mkwe kinywa. Kinywa cha mzee sijakiona hadi leo. Plasta iliyomwagwa kwenye kipimo chake naijua kila bonde. Ndivyo tulivyo: mtu aliyekupa binti yake hawezi kukuambia meno yako yananiumiza, na wewe huwezi kumuuliza mbona huli.

Lakini pia mzee huyu ni mtani. Alimwambia imamu kwamba swala yake inakwenda kwa giya ya nne. Mtu kama huyo akiuliza meno ya mwanasesere anaweza kuwa anauliza meno ya mwanasesere. Mama Zuhura anasema sisi wanaume tunapenda maneno yawe na mlango mmoja. Sikumjibu, nikajifanya nimelala.

Alhamisi umeme wa yaka, ule wa kulipia kabla, ukaisha na pesa zilikuwa zimekwenda kwenye maandalizi ya shemeji. Nikaudhika, halafu nikakumbuka kwamba betri ya boda ni volti 12, na kigari kinataka volti 12. Musa, dereva wa boda, akanipa betri ya pikipiki yake kwa sharti la yeye kuwa wa kwanza kuendesha. Tukailaza ile mbao ya njia sebuleni, Zuhura akawasha tochi ya simu, jirani aliyebebewa ukuta akaja na wanawe wote kwa sababu kwake hakukuwa na pa kukaa. Musa akabana kitufe mpaka mwisho, kama anavyoendesha barabarani, na Datsun ikatoka mfuoni kwenye kona ya kwanza, ikapaa, ikatua kwenye ungo wa mukene, dagaa wetu. Wekundu ndani ya fedha. Tulicheka mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia kwa hofu.

Zuhura ndiye aliyeliweza. Ana kidole chepesi. Anaachia kabla ya kona, si ndani ya kona, halafu anaongeza pale pua inapoanza kunyooka, na mkia unateleza kidogo tu, ile ya kuchokoza. Hakuna aliyemfundisha. Nilikaa sakafuni nikimtazama, na kwa mara ya kwanza wiki nzima kichwani mwangu hapakuwa na sauti ya mtu.

Walipoondoka nikafanya upuuzi. Nikatoa Mehta kwenye gari, nikachukua unga wa akriliki wa A3, moja ya rangi za meno ya bandia, ule uliobaki wa mtu fulani, nikaloweka chembe yake, na kwa unywele mmoja wa brashi nikaigusisha pale mdomoni chini ya kioo cha kukuzia. Nikashusha pumzi baada ya kuinua mkono. Kwa jicho la kawaida huoni kitu. Chini ya mwanga wa tochi, gari likigeuzwa upande, kitu kinametameta. Asubuhi Zuhura akachungulia kabla ya shule, akasema, "Baba, leo anacheka."

Mzee sijamwambia. Nimemuuliza tu mwenzangu kama Jumanne ijayo atakuwepo, na kama anaweza kupita huku Walukuba na trei zake za kuchukulia kipimo cha kinywa, kama mtu anayesalimia. Amesema anaweza, akauliza kuna nini, nikasema kuna gari la kuona.

Sasa ni saa nne usiku na ningelala, ila mama yangu mzazi amenipigia tena kutoka Busia. Nilipopokea akasema simu imejipigia yenyewe. Juzi alisema hivyohivyo. Mama yule yule anayeizima simu yake kila akimaliza kuongea ili isimalize moto, anaifunga kwenye pindo la kanga na kuilalia. Nimemuuliza kama amekula, akasema ndiyo. Nimemuuliza dawa ya presha, akasema ipo. Hakusema amekunywa, amesema ipo. Nimempigia mama mdogo, hapatikani.